Fermioni za Weyl

Fermioni za Weyl ni chembe zisizo na tungamo, zenye mzunguko wa kuume au wa kushoto, ambazo Hermann Weyl, mwanahisabati wa Kijerumani, alizibashiri mwaka 1929 kwa hesabu tupu, na ambazo wataalamu walidhani kwa miaka mingi kuwa ndizo neutrino, hata ilipothibitika kwamba neutrino nazo zina tungamo. Ajabu ni kwamba dalili zake hazikupatikana mbinguni wala katika mitambo ya kugonganisha chembe, bali ndani ya fuwele ya tantali na aseniki: mwaka 2015, wanazuoni wa Princeton, Marekani, na wenzao wa Beijing, China, walipoimulika kwa miali mikali na kuzipima elektroni zilizotoka humo, waliona usoni pake tao za nishati zisizofungika, zianziazo nukta moja na kukomea nyingine. Nukta hizo, ambazo ni 24, huja jozi jozi, ya kuume na ya kushoto, wala haifutiki mojawapo ila ikutane na mwenziwe. Fermioni hizi za ndani ya fuwele si chembe huru, bali ni mwenendo wa elektroni nyingi kwa jumla, zilizotii milinganyo ya uhusianifu ilhali mwendo wake ni mdogo mno kuliko wa nuru. Nje ya fuwele hazipo.