Bunduki ya michezo

Makala hii inahusu bunduki za mashindano ya kulenga shabaha. Kuhusu bunduki za vita, tazama makala ya silaha.

Bunduki ya michezo ni bunduki iliyotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Tofauti na bunduki ya askari, ambayo hutolewa ikiwa ya namna moja kwa watu wote, bunduki ya michezo hufuata mwili wa mtumiaji: urefu wa mikono yake, upana wa mabega, umbo la shavu na hata nguvu ya macho yake. Kwa sababu hiyo sehemu zake nyingi huuzwa moja moja, na mwenye bunduki huchagua mtutu, kitako, kifyatulio, vilengeo na vifaa vingine kimoja baada ya kingine.

Katika nchi chache, hasa Marekani, raia huweza pia kuunganisha bunduki nzima nyumbani. Katika nchi nyingi nyingine kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni peke yake, na anayeifanya bila kibali huhesabiwa kuwa mhalifu.

Historia

Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwepo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya kisasa mjini Athens mwaka 1896. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ambalo leo hujulikana kwa kifupi ISSF, lilianzishwa mwaka 1907. Ndilo linaloweka kanuni za uzito, vipimo na vifaa vinavyoruhusiwa.

Risasi ndogo inayoitwa .22 Long Rifle, yenye kipenyo cha milimita 5.6, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Mpaka leo ndiyo inayotumika katika shindano la mita 50. Katika shindano la mita 10 hutumika bunduki ya upepo, ambayo haina baruti kabisa. Hurusha kipande cha risasi cha milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa.

Wanawake na wanaume waliwahi kushindana pamoja. Mwaka 1976 huko Montreal, Margaret Murdock wa Marekani alipata alama 1162, sawasawa na mwenzake Lanny Bassham. Baada ya kulinganisha karatasi za shabaha, Bassham alipewa dhahabu na Murdock fedha. Bassham alimvuta mwenzake wasimame pamoja kwenye ngazi ya mshindi. Mashindano ya wanawake peke yao yalianza katika Olimpiki ya mwaka 1984.

Sehemu kuu

*Mtambo.* Huu ni mwili wa bunduki, mahali ambapo sehemu nyingine zote hushikizwa. Ndani yake hupita komeo, yaani chuma kinachosukuma risasi kwenye chemba na kuifunga kwa nyuma wakati wa mlipuko. Katika bunduki za shabaha mtambo hutengenezwa mzito na mgumu ili usipinde hata kidogo. Katika sheria za Marekani mtambo ndio unaohesabiwa kuwa "bunduki", na ndio wenye namba ya usajili.

*Mtutu.* Ndani ya mtutu mna mifuo inayozunguka kama uzi wa skrubu. Mifuo hiyo huifanya risasi izunguke kama pia, na mzunguko huo ndio unaoishika njia yake isiyumbe. Risasi nzito na ndefu huhitaji mifuo inayozunguka kwa kasi zaidi kuliko risasi nyepesi na fupi. Kwa .22 Long Rifle, kwa kawaida mfuo hukamilisha mzunguko mmoja katika urefu wa inchi 16, yaani takriban milimita 406. Mtutu mnene hauchemki upesi wala hautetemeki sana, lakini huongeza uzito.

*Kitako.* Sehemu hii hugusa bega, shavu na mkono. Zamani ilichongwa kwa mti, hasa mjozi. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa alumini na huwa na skrubu za kurekebisha urefu, kimo cha shavu na pembe ya bamba la begani. Mti una sifa ya kupunguza mtikisiko, ila hunyonya unyevu na kuvimba. Mahali penye hewa ya chumvi na joto jasho, kitako cha mti kisichopakwa mafuta vizuri huweza kuusukuma mtutu upande na kubadilisha mahali risasi inapopiga.

*Kifyatulio.* Katika bunduki za jeshi kifyatulio huwa kizito ili kisivutwe kwa bahati mbaya. Katika bunduki za mita 10 na mita 50 kinaweza kuwa chepesi sana, cha gramu 100 au chini yake. Katika bunduki sanifu ya mita 300 kanuni hutaka uzito usiopungua gramu 1500. Wepesi una hatari yake. Mwaka 2008 mjini Beijing, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza fainali ya mita 50 hadi risasi ya mwisho. Kidole chake kiligusa kifyatulio kabla hajatulia, akapata alama 4.4 na kushuka hadi nafasi ya nne.

*Vilengeo.* Katika mashindano ya bunduki ya Olimpiki darubini hairuhusiwi kwenye bunduki. Hutumika kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo na kilengeo cha mbele chenye pete, na mlengaji huona duara ndani ya duara. Tundu dogo huongeza ukali wa picha lakini hupunguza mwanga. Asiyeona vizuri anaruhusiwa kutumia lenzi ya kurekebisha macho.

Namna ya kuchagua

Jambo la kwanza ni shindano. Bunduki ya mita 10 haipaswi kuzidi kilo 5.5, na ile ya mita 50 haipaswi kuzidi kilo 8, pamoja na vifaa vyote vilivyofungwa juu yake. Mtu anayenunua mtutu mzito, kitako cha chuma na uzani wa ziada bila kujumlisha anaweza kujikuta amezuiwa kwenye meza ya ukaguzi siku ya mashindano.

Jambo la pili ni mwili wa mlengaji. Kitako kirefu humlazimisha mtu kunyoosha shingo, na kifupi humkunja. Kipimo rahisi ni hiki: mlengaji hufumba macho, huweka bunduki tupu begani kwa namna anayoona raha, kisha hufumbua macho. Kama jicho lake liko sawa na tundu la kilengeo bila kusogeza kichwa, kitako kinamfaa. Kama sivyo, hurekebishwa kitako na si shingo.

Jambo la tatu ni risasi. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja huweza kupendelea risasi tofauti. Ndiyo maana washindani hujaribu risasi za matoleo kadhaa katika mtutu wao kabla ya kununua nyingi. Risasi za .22 za mashindano hutengenezwa ziende polepole kuliko sauti, kwa sababu risasi inayovuka mwendo wa sauti ikiwa njiani huyumbishwa na hewa.

Jambo la nne ni fedha. Wakufunzi wengi hushauri fedha ziende kwanza kwenye mtutu mzuri, kifyatulio kinachoaminika na mavazi, kisha kwenye risasi za mazoezi. Mapambo huja mwisho. Usahihi unaodaiwa ni mkubwa mno: katika shabaha ya mita 10 alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita, na katika mita 50 ni duara la milimita 10.4. Hata hivyo bunduki peke yake haitoshi. Mwaka 2004 Emmons huyohuyo, baada ya bunduki yake kuharibiwa na mtu asiyejulikana miezi michache kabla ya Olimpiki, alitwaa dhahabu ya mita 50 kwa kulala kifudifudi akitumia bunduki ya kuazima. Siku chache baadaye, katika shindano jingine akiongoza, alipiga shabaha ya jirani yake na kupata sifuri.

Vifaa vya ziada

* *Darubini.* Hutumika katika michezo isiyo ya Olimpiki na katika uwindaji. Vitufe vyake husogeza shabaha kwa dakika za nyuzi. Dakika moja ni takriban milimita 29 katika umbali wa mita 100, hivyo kitufe cha robo dakika husogeza kama milimita 7. Ukuzaji mkubwa si faida daima, kwani hukuza pia mtikisiko wa mikono.
* *Reli na pete za kushikia.* Reli ya bunduki nyingi za shabaha ina upana wa milimita 11, lakini zipo za aina nyingine. Pete zisizolingana na reli hulegea kidogo kidogo, na mlengaji huhangaika kutafuta kosa katika mkono wake.
* *Mkanda.* Hutumika kwa kulala na kupiga goti ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli. Hauruhusiwi katika mkao wa kusimama.
* *Mtungi wa hewa.* Bunduki nyingi za upepo hutumia mtungi wenye shinikizo la bar 200. Mtungi una tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochongwa juu yake, na ni wajibu wa mshindani kuuondoa tarehe hiyo inapopita. Anayenunua mtungi uliokwisha kutumika hana budi kuisoma tarehe kabla ya kuuliza bei.
* *Mdeki na mafuta ya kusafishia.* Mdeki hupitishwa kutoka upande wa chemba inapowezekana, kwa sababu mdomo wa mtutu ukikwaruzwa usahihi hupotea.
* *Bendera ya usalama.* Ni uzi wa rangi kali unaoingizwa kwenye chemba kuonyesha kuwa haina risasi. Katika mashindano ya kimataifa ni ya lazima kila bunduki isipotumika.

Usalama

Hatari kubwa ya bunduki iliyounganishwa na asiye fundi iko kati ya komeo na chemba. Nafasi iliyopo hapo ikizidi kipimo, ganda hupasuka na gesi ya moto hurudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Nafasi ikipungua, komeo halifungi sawasawa. Tofauti yenyewe ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na hupimwa kwa geji maalumu. Kwa hiyo kubadilisha mtutu au komeo ni kazi ya fundi wa bunduki, wakati kurekebisha kitako, mkanda au kilengeo huweza kufanywa na mwenyewe.

Nchi kadhaa hazikubali bunduki iuzwe kabla ya kujaribiwa kwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Uingereza ina nyumba za majaribio London na Birmingham, na mwaka 1914 iliundwa tume ya kimataifa ya kusimamia majaribio hayo, inayojulikana kama C.I.P. Bunduki iliyofaulu hupigwa mhuri. Mnunuzi wa mtutu uliotumika hutafuta mhuri huo kwanza.

Hatari nyingine ni madini ya risasi yenyewe, ambayo ni sumu. Hujikusanya mikononi na katika vumbi la ukumbi wa shabaha, hivyo walengaji hunawa kabla ya kula na hawaruhusu watoto kucheza na mavazi ya mazoezi.

Sheria

Nchini Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 huwataka watengenezaji na wauzaji kuwa na leseni. Raia anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujiundia bunduki kwa matumizi yake, ingawa baadhi ya majimbo, kama California, yameweka masharti makali zaidi. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni inayohesabu baadhi ya vifurushi vya sehemu za kuunganisha kuwa ni silaha kamili. Mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiacha kanuni hiyo isimame. Ujerumani huenda mbali zaidi: mtutu na komeo pia ni sehemu zinazohitaji kibali.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, iliyopitishwa mwaka 2001, inaeleza utengenezaji haramu kuwa ni pamoja na kuunganisha silaha bila leseni. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 yenye lengo hilohilo. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Nchini Kenya umiliki husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha.

Katika eneo hili, gobori linalofuliwa kijijini bila kibali na bunduki ya kisasa iliyounganishwa kwa sehemu za kuagiza huangukia upande mmoja wa sheria. Kijana anayetaka kujifunza mchezo huu huanza katika klabu iliyosajiliwa, kwa bunduki ya klabu na chini ya mkufunzi. Hata bunduki ya upepo huweza kuhitaji kibali, kwa hiyo huulizwa kwanza polisi kabla ya kuagiza chochote.

Tazama pia

* Bunduki
* Gobori
* Michezo ya Olimpiki
* Uwindaji