Kina cha Maji Hakitoshi

Nilipofika ufukweni Bagamoyo maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yamelala ubavu mchangani. Nikajiuliza: hii nayo ilikuwa bandari? Kumbe ndiyo, tena kubwa. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara iliishia hapa. Wapagazi na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa hapahapa, na Unguja iko ng'ambo tu.

Sultani Majid alianza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, penye kina kirefu na kinga ya upepo. Alipofariki mwaka 1870, nduguye Barghash akaupa mji ule kisogo. Bandari nzuri ikabaki na maji yake. Mizigo ikaendelea kwenda Bagamoyo, waliko watu na njia.

Mambo yaligeuka walipokuja Wajerumani. Mwaka 1891 walihamishia makao makuu Dar es Salaam, kisha reli iliyoanza kujengwa 1905 ikafika Kigoma 1914. Mzigo ukapata njia mpya, Bagamoyo ikabaki na mchanga wake.

Siku hizi tukizungumzia ushindani wa bandari, tunahesabu gati na kreni. Mimi huuliza kwanza: nyuma ya gati kuna nani, na kuna njia gani?