Unga Nyuma ya Nduthi: Historia Fupi ya Msafara

Saa kumi na moja alfajiri Changamwe huwa imeshaamka zamani. Malori ya kontena yamejipanga kuelekea Miritini, mama wa mahamri ashawasha jiko, na vumbi la jana halijapata hata nafasi ya kulala. Asubuhi moja ya mwaka 2022 nilisimama hapo kando ya lami nikihesabu pikipiki. Kumi na tisa. Nyuma ya kila moja kulikuwa na bandali za unga zilizofungwa kwa mpira wa tyubu, na juu yake jerikeni ya mafuta ya kupikia. Wengine walitoka Kisauni, wengine ni wa hapo hapo Changamwe. Sisi wa Likoni tulikuwa tumevuka feri usiku, injini zimezimwa kama inavyotakiwa, kila mtu kimya na usingizi wake.

Mimi si dereva. Nilipakiwa na jirani yetu ambaye mtaa mzima tunamwita Ami, hata wale wasiokuwa na udugu naye wowote. Tulikuwa twaenda bara, upande wa Mackinnon Road, kwenye vijiji vya Kinango ambako mvua ilikuwa imegoma msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Ng'ombe walikuwa wanakufa. Watu walikuwa wanakula mlo mmoja, siku nyingine hata huo hakuna. Kundi la WhatsApp la stage ya kina Ami lilikuwa limechanga wiki tatu, mia mia na hamsini hamsini, na huu ndio ulikuwa mwisho wa hesabu: magunia, jerikeni, na watu kumi na tisa walioamua kupoteza siku ya kazi.

Hakukuwa na bango. Hakukuwa na mpiga picha, labda mimi na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nikajiuliza, huu msafara tumeurithi wapi? Maana ukiangalia vizuri, watu wa pwani hii kutoka kwa kundi, kushika njia ndefu ya bara na mzigo wa mtu mwingine mgongoni, si jambo la jana.

Anza na Kisauni. Ukiabiri matatu ya kupita daraja la Nyali utasikia makanga akiita "Kengeleni, Kengeleni!" na pengine hujawahi kujiuliza kengele yenyewe ni ipi. Ni ya Freretown, kijiji ambacho wamishonari wa Kiingereza walikianzisha katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ililia kuwaonya wakazi pale wateka watumwa walipokaribia. Jina la kijiji ni la Sir Bartle Frere, lakini mji ulibaki na kengele yake, na mimi naona mji ulichagua vizuri.

Miongoni mwa watu wa enzi hiyo alikuwepo Matthew Wellington. Alizaliwa Myao, akauzwa utotoni, akaokolewa baharini na kupelekwa India, kwenye shule ya Nasik, kabla ya kurudishwa Afrika. Alikuwa kwenye lile kundi lililombeba David Livingstone. Livingstone alifariki kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya safari ya miezi zaidi ya minane. Wengine walikufa njiani. Wainwright alipanda meli hadi Uingereza pamoja na mwili, Chuma na Susi wakafika huko baada ya mazishi kwisha, na waliobaki walilipwa ujira wao Zanzibar wakaambiwa kwaherini. Wellington aliishi maisha marefu hapa Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Yaani kuna wazee wetu waliopishana naye njiani.

Naileta habari hii kwa sababu moja. Tunaposimulia safari kubwa za hisani, jina linalobaki mara nyingi ni la aliyebebwa, au la aliyetoa pesa. Aliyebeba tunamtafuta kwa tochi.

Sasa rudi Changamwe. Barabara tuliyoishika asubuhi ile ina historia ya wabebaji pia. Kabla ya reli, mizigo ya bara ilikwenda vichwani mwa wapagazi, kupitia nyika ya Taru ambako maji yalikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1890 kampuni ya William Mackinnon ilianza kukata barabara ya kuelekea Kibwezi, ndipo jina la Mackinnon Road likabaki pale lilipobaki. Mei 1896 reli ikaanza kulazwa Mombasa, ikavuka mkono wa bahari wa Makupa, ikapanda Changamwe kuelekea juu, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa imegusa Ziwa Viktoria. Lami yenyewe ilikuja baadaye sana, miaka ya 1960. Leo ni kilomita karibu 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kila dereva wa boda anajua kwamba kwenye barabara hii yeye ndiye mdogo. Lori likiamua kupita lingine, wewe toka kwenye lami, ubishi uache kwa wenye bima.

Kwa wabebaji hao hao ndiko lilikotoka neno ambalo sote tunalo mdomoni. Harambee lilikuwa neno la makuli na wapagazi wa pwani, la kupigia kelele pamoja wakati wa kuinua kitu kizito. Wako wanaodai lilitoka kwa Wahindi wa reli wakimwita mungu wao. Ubishi huo umeandikiwa makala mengi na sitauingia leo. Mzee Jomo Kenyatta alilichukua mwaka 1963 akalifanya mwito wa taifa, likachorwa kwenye nembo. Miaka iliyofuata lilijenga shule na zahanati nchi nzima. Halafu likaharibika. Harambee ikawa jukwaa la mheshimiwa, gunia la noti na kipaza sauti, jina lako lisomwe na kiasi ulichotoa, hata ikabidi sheria ya maadili ya mwaka 2003 iwabane maafisa wa umma wasiendelee kukusanya pesa kwa njia hiyo. Kizazi chetu kimekua kikisikia neno harambee na kuwaza siasa.

Lakini kuchanga hakukufa. Kulihama tu, na kuhama kwenyewe kulitokea ndani ya miaka miwili. Machi 2007 M-Pesa ikaanza. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki za chini ya 250cc. Kabla ya hapo boda ilikuwa habari ya Busia: baiskeli za miaka ya 1960 zilizovusha watu na magendo kati ya Kenya na Uganda, toka mpaka hadi mpaka, border to border, ndipo likazaliwa jina. Hapa kwetu ulikuwa unatembea au unangoja matatu. Baada ya 2008 nchi ilifurika. Mwaka 2011 peke yake pikipiki mpya zaidi ya laki moja zilisajiliwa Kenya. Barobaro aliyekuwa anakaa maskani Bangladesh au Mtongwe bila kazi akapata Boxer ya mkopo, na mfukoni akapata simu inayoweza kupokea shilingi ishirini kutoka kwa mtu asiyemwona. Weka vitu hivyo viwili pamoja uone. Stage ya boda ikawa na mwenyekiti, mweka hazina, daftari, na mchango wa kila wiki kwa ajili ya mwenzao aliyevunjika mguu. Maana lazima atavunjika mtu. Wakizika, wanazika kwa msafara, honi zinalia kutoka mochari hadi makaburini, na wapita njia wanawalaani kwa kelele. Kelele ni kweli wanapiga. Lakini mazishi yale wamelipa wao.

Sisi wa Likoni hatuhitaji kuelezwa kwamba usafiri ni jambo la kufa na kupona. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini, feri ya MV Mtongwe ilipinduka hatua chache kutoka ufuoni ikiwa imejaza kupita kiasi. Walikufa watu 272. Wazazi wetu wakitaja miaka huihesabu kabla na baada ya siku hiyo. Ami alikuwa mtoto. Anasema anachokumbuka ni viatu.

Msafara wa hisani wa wale wenye pikipiki kubwa nao una historia yake, na mimi siudharau. Mwaka 1988 Randy Mamola, Mmarekani aliyekuwa nyota wa mbio za pikipiki, alifika Somalia na mwandishi Barry Coleman kuona pesa zilizochangwa na mashabiki wa mbio zimefanya nini. Walichokikuta ni pikipiki za wahudumu wa afya zimelala zimekufa, nyingine bado mpya, kwa kukosa tu mtu wa kubadilisha oili na mnyororo. Wakaona tatizo liko kwenye utunzaji. Wao na Andrea Coleman wakaanzisha shirika la Riders for Health, kufundisha wahudumu kutunza pikipiki zao ili dawa na sampuli za maabara zifike vijijini. Kuna pia ule msafara wa wanaume waliovaa suti, Distinguished Gentleman's Ride, ulioanza Sydney mwaka 2012 na sasa huchangia utafiti wa saratani ya tezi dume. Hapa Kenya tuliwahi kumfuata kwa macho Zack Kimotho, ambaye mwaka huo huo wa 2012 alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini, ili Wakenya wachange pesa za hospitali ya walioumia uti wa mgongo. Februari 2013 Jim Nyamu akatembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi kupinga uuzaji wa pembe za ndovu, njia hii hii ya Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru.

Tofauti ninayoiona ni ya mfuko. Mwenye pikipiki kubwa hutoka Nairobi Ijumaa, hulala hotelini ufuoni Jumamosi, hurudi Jumapili. Pikipiki ile ni starehe yake na msaada ni ziada, na si vibaya. Kwa Ami pikipiki ndiyo sufuria. Akiipeleka Mackinnon Road, nyumbani hakupikwi kwa kazi ya siku hiyo.

Na kuna safari za hisani ambazo hata msafara hazina. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya korona. Jioni ile polisi waliwapiga watu na kuwarushia vitoa machozi kwenye kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wanangoja tu kuvuka warudi makwao. Usiku huo huo dereva mmoja wa boda wa hapa Mombasa alimpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Alipigwa na polisi akirudi, na majeraha yale yakamuua. Shirika la Human Rights Watch liliandika kisa chake. Hakuwa amechangisha pesa wala kuvaa fulana yenye nembo. Alibeba abiria mmoja, umbali wa mtaa kwa mtaa. Nikisikia mtu akisema watu wa boda ni wahuni, wote kwa jumla, mimi huwa namkumbuka yeye, halafu nanyamaza kwa sababu nikianza sitamaliza.

Haya, tulifika Mackinnon Road jua limeshakuwa kali. Tulisimama kwenye msikiti wa Seyyid Baghali Shah, kando ya reli. Hadithi yake unaijua kama umewahi kusafiri na bibi yako: alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka India, na wenzake waliapa kwamba karai la mzigo lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wa dini zote husimama pale, wakaomba dua, wakaacha chochote kwenye sanduku, wakaendelea. Kaburi la mbeba karai ndilo limekuwa kituo cha sadaka cha barabara nzima. Ami aliosha uso, akatia shilingi hamsini, akakagua mnyororo.

Vijiji vyenyewe viko ndani, njia ya mchanga mwekundu. Pikipiki mbili zilianguka, unga wa bandali moja ukamwagika, na dereva wake akakaa chini akiuzoa kwa viganja ule wa juu ambao haukuguswa na mchanga. Hakuna aliyemcheka. Wazee walitungoja chini ya mbuyu. Akina mama ndio waliogawa, kwa orodha yao wenyewe, bila kutuuliza. Mzee mmoja alimshika Ami mkono muda mrefu akamuuliza ni mtoto wa nani. Ami alimtajia baba na babu, na ikatokea babu aliwahi kununua mbuzi pande hizo. Basi ikawa hatuwezi kuondoka bila chai. Tuliinywa ya rangi, bila sukari, kwenye vikombe vinne tulivyopokezana.

Tulirudi usiku. Kwenye feri Ami alitoa simu akapiga hesabu ya mafuta, akapiga nyingine. Pikipiki yake ni ya mkopo na malipo yanadaiwa kila siku, Jumapili hata Idi. Alimpigia mdai wake akaomba akabidhi kesho. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza leo alikuwa wapi kutwa. Ami akatazama taa za Likoni zikisogea, akasema, "Nilikuwa na abiria wa mbali."

Kesho yake alilipa mara mbili. Alitoka saa tisa usiku.