Nani Anayehesabu Watoto? Historia ya Chanjo ya Polio na Wajibu wa Shina

Historia ya maradhi huandikwa mara nyingi kama historia ya wataalamu: nani aligundua kijidudu gani, katika maabara ya nchi gani, mwaka gani. Historia ya namna hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya historia. Chanjo iliyomo chupani haijamkinga mtoto hata mmoja. Baina ya chupa na kinywa cha mtoto pana njia ndefu, na mtaalamu hawezi kuipita peke yake. Huipita pamoja na umma uliojipanga. Makala haya yanaichunguza njia hiyo kwa mfano wa polio, tangu enzi ya ukoloni hadi kampeni za miaka ya karibuni, na yanauliza swali ambalo kada wa Mikocheni au wa Temeke hana budi kulijibu: ni nani anayehesabu watoto wa mtaa wake, na ni mtoto yupi asiyehesabiwa?

UGONJWA USIOHESABIWA

Serikali ya kikoloni iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Matibabu yakafuata mgawo huo huo. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walikwenda Sewa Haji, hospitali iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyeifadhili. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo sasa ni Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya Uhuru.

Katika mazingira ya namna hiyo, duniani kote, ilijengeka kasumba kwamba polio ni ugonjwa wa mataifa yenye usafi, na kwamba mtoto wa Kiafrika haumdhuru sana. Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Kirusi cha polio huingia kwa kinywa, huzaana tumboni na hutoka kwa kinyesi. Pasipo na vyoo bora mtoto hukipata mapema sana, pengine akiwa bado na kinga aliyopewa na mama yake. Tena, katika watoto 200 walioambukizwa, ni mmoja hivi tu anayepooza. Kutokana na hayo wataalamu wengi waliamua kwamba Afrika haina tatizo kubwa la polio.

Kosa lao lilikuwa la kitabaka kabla ya kuwa la kitaalamu. Walihesabu waliofika hospitalini. Mtoto aliyeshikwa na homa usiku, na asubuhi mguu wake ukawa umelegea, hakufika huko. Alibaki akitambaa uani kwao. Katika miaka ya 1970 watafiti nchini Ghana waliacha vitabu vya hospitali wakaenda kuwahesabu watoto wenye kilema cha miguu mashuleni na vijijini. Walikuta watoto wapatao 7 katika kila 1,000 wa umri wa kwenda shule wamelemazwa na polio, kiasi kisichopungua kile cha Marekani kabla ya chanjo. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni hesabu.

Hapa pana fundisho la kwanza. Takwimu haikai nje ya siasa. Anayeamua ni nani ahesabiwe ndiye anayeamua pia ni nani atibiwe.

CHANJO NA UMMA ULIOJIPANGA

Chanjo ya kwanza, ya sindano, iliyotengenezwa na Jonas Salk, ilithibitishwa nchini Marekani mwaka 1955. Chanjo ya matone ilitengenezwa na Albert Sabin, Mmarekani pia, lakini ilipewa mamilioni ya watu kwa mara ya kwanza katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1959, chini ya Mikhail Chumakov. Kwa hiyo hata wakati wa vita baridi, wakati mataifa hayo mawili yakielekezeana makombora, mtoto wa mfanyakazi alikingwa kwa kazi ya pande zote mbili.

Cuba ilionyesha jambo la pili. Mwaka 1962, miaka mitatu tu baada ya mapinduzi, ilitumia matone kutoka Urusi kuwachanja watoto zaidi ya milioni 2 kwa muda mfupi. Kazi ya kuwaorodhesha watoto nyumba kwa nyumba ilifanywa na Kamati za Ulinzi wa Mapinduzi, yaani wakazi wa mtaa wenyewe. Cuba ikawa nchi ya kwanza katika bara la Amerika kuitokomeza polio, wakati nchi tajiri zaidi yake zilikuwa bado zinaugua.

Na sisi tulikuwa na chombo cha namna hiyo. TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, na balozi alijua nani amezaliwa na nani amehama. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Polio haikuwa somo la kampeni hiyo, lakini kila choo kilichochimbwa kiliifungia polio njia mojawapo. Mwaka 1975 Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza, na chanjo ya polio ikawa sehemu ya kadi ya kliniki ya kila mtoto. Mwaka 1988 mataifa ya dunia yaliazimia kuitokomeza polio kabisa. Kampeni za kitaifa za matone zilianza Tanzania mwaka 1996, na mwaka huo huo ndio uliotoa mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili nchini. Mwaka 2015 nchi yetu ilithibitishwa kuwa haina polio.

FUNDISHO LA INDIA

India inatufaa kwa mfano kwa sababu wataalamu wengi walidhani ingekuwa nchi ya mwisho duniani kuishinda polio. Kampeni ilianzia Delhi mwaka 1994, ikaenea nchi nzima mwaka 1995. Hata hivyo, mwaka 2009 India ilikuwa bado na wagonjwa 741, karibu nusu ya wagonjwa wote duniani. Chanjo haikukosekana. Waliokosekana ni watoto: wa vibarua wa matanuri ya matofali, wa wajenzi wanaohama na kazi, wa familia zilizo safarini katika treni.

Palikuwa na kizuizi kingine, nacho kilitokana na historia. Kati ya mwaka 1975 na 1977, wakati wa utawala wa hali ya hatari, wanaume wengi maskini walifungwa uzazi kwa kulazimishwa. Miaka mingi baadaye uvumi kwamba matone ya polio yanaua uzazi uliaminika upesi, hasa miongoni mwa Waislamu maskini wa Uttar Pradesh. Haikuwa haki kuwaita wajinga. Walikuwa wanakumbuka.

India ilishinda ilipobadili njia. Nyumba ziliandikwa alama kwa chaki, na zile zilizokutwa na mtoto asiyechanjwa zilirudiwa. Watoto wachanga waliorodheshwa. Wanawake wa mtaa huo huo na viongozi wa dini walishika kazi ya kuzungumza na wazazi. Mgonjwa wa mwisho alipatikana West Bengal mwezi Januari 2011. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye ubwana na amri. India inatuonyesha kwamba amri ya leo huzaa mlango uliofungwa kesho.

MIKOCHENI NA MILANGO YAKE

Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa kirusi cha asili chenye uhusiano na kile cha Pakistani. Mwezi Machi matone yalitolewa katika mikoa ya mpakani ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mwezi Mei kampeni ya nyumba kwa nyumba ilienea Tanzania Bara kwa lengo la watoto zaidi ya milioni 10 walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2023 uligunduliwa mkoani Rukwa mlipuko wa aina nyingine: kirusi dhaifu cha matone, ambacho penye watoto wengi wasiochanjwa huweza kuzunguka muda mrefu hata kikarudisha nguvu. Dawa ya hali hiyo ni kuwafikia watoto wote.

Sasa tutazame Mikocheni, kata ya Kinondoni iliyopewa jina la miti ya mikoche. Wengi hudhani kazi ya chanjo ni ngumu Temeke, penye msongamano, na rahisi Mikocheni, penye viwanja vikubwa. Hali halisi inakanusha dhana hiyo. Mahali penye msongamano mlango u wazi, na jirani humtaja mtoto wa jirani. Mikocheni mchanjaji hukutana na ukuta, geti, mbwa na mlinzi asiye na ruhusa ya kufungua. Mwenye nyumba yuko kazini, na mtoto wake ana kadi ya hospitali binafsi. Lakini nyuma ya ukuta huo huo yuko mtoto wa mtumishi. Jirani pana nyumba isiyokwisha kujengwa, na ndani yake anaishi mlinzi na mkewe na watoto ambao hawamo katika orodha yoyote. Eneo la viwanda lina vibarua na mama lishe wanaokuja na watoto wao mgongoni. Na Mto Mlalakua hupita humo humo ukielekea baharini, bila kuuliza nani ni tajiri na nani ni kibarua. Kirusi kinachosafiri kwa maji machafu hakizuiwi na ukuta.

Mwenye nyumba anayesema "mwanangu amekwisha chanjwa" hana budi kuelezwa kwamba matone ya nyongeza hukinga utumbo na kukinyima kirusi mahali pa kuzaana, na kwamba mtoto wa mtumishi wake anastahili kinga ile ile kwa haki yake mwenyewe.

WAJIBU WA KADA

Tangu mfumo wa vyama vingi uanze mwaka 1992, shina ni chombo cha Chama, na mtaa ni chombo cha Serikali. Tofauti hiyo ni lazima iheshimiwe. Balozi akigonga mlango kwa ajili ya chanjo, hagongi kutafuta kura. Mtoto wa mfuasi wa chama kingine akirukwa, Chama kimeshindwa, na umma mzima umeshindwa pamoja nacho.

Kwa hiyo kazi ni tatu. Kwanza, kumsaidia mwenyekiti wa mtaa kuwa na orodha ya watoto kabla ya kampeni, pamoja na wale wa nyumba zisizokwisha na wa vyumba vya watumishi. Pili, kuzungumza na wenye nyumba mapema, ili mlinzi apewe ruhusa ya kufungua geti. Tatu, kuujibu uvumi kwa maelezo na subira, bila vitisho wala kejeli.

Wakoloni hawakumwona mtoto aliyetambaa uani kwa sababu hawakuingia uani. Sisi tunaishi humo. Tukimkosa, hatutakuwa na udhuru waliokuwa nao.