Biashara ya mtandao (Njombe na Makambako)

Biashara ya mtandao ni uuzaji wa bidhaa mkono kwa mkono, bila duka, ambapo muuzaji hupata faida ya mauzo yake pamoja na kamisheni ya mauzo ya watu aliowaunganisha. Kampuni inayofahamika sana Tanzania ni Forever Living, iliyoanzishwa Arizona, Marekani, mwaka 1978. Huuza juisi na dawa ya meno za mshubiri.

Makambako, zinapoachana barabara za Songea na Zambia na inapopita reli ya TAZARA, ni mji unaoifaa biashara hii: wapita njia hawakauki. Kwa mkulima wa viazi wa Njombe anayesubiri mavuno, faida ya biashara hii ni ya kweli. Halipi kodi ya fremu, na anajifunza kutunza daftari la wateja na kufuatilia madeni. Hata hivyo chapa si yake. Bei na kamisheni hupangwa na kampuni.

Kipimo cha kuitofautisha na upatu ni kimoja: je, asiye mwanachama angeinunua bidhaa ya kampuni kwa bei yake? Kampuni ya DECI, kwa mfano, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, haikuwa na bidhaa; ilikuwa upatu, waliotangulia wakilipwa kwa fedha za waliofuata.