Pikapu yenye makalio membamba

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara, Land Cruiser pikapu ilikuwa na tairi za mbele na nyuma zinazokaribia kulingana kwa upana. Leo simama Nyakanazi, njia panda ya Rusumo na Kigoma, uitazame mpya kwa nyuma. Imebana! Mwaka 2007 Toyota walitanua pua ili injini ya V8 iingie, na ekseli ya mbele ikatanuka. Ya nyuma wakaiacha, pungufu karibu milimita 95. Kwenye tope tairi za nyuma zinachimba njia yao wenyewe.

Spesa au rimu za kutokeza nje ni nafuu, ila beringi zinaelemewa. Ekseli ndefu ni ghali mno. Mimi, nikibeba watu, ningekopa ninunue ekseli.