Pedali za Nashville: Kuvuta au Kusukuma

Mwaka 1954 wapenzi wa muziki wa kantri Marekani walisikia kitu kigeni katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce: sauti mbili zinapanda huku ya tatu imetulia palepale. Mpigaji gitaa, Bud Isaacs, alikanyaga pedali nyuzi zikiwa bado zinalia.

Gitaa hilo, stili ya pedali, halipakatwi. Husimama kwa miguu yake, mpigaji akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kama walivyofanya Wahawaii, na chini pedali zinabadilisha mkazo wa nyuzi. La Isaacs lilitoka kwa fundi Paul Bigsby wa California. Baada ya wimbo ule wapigaji wa Nashville walitaka pedali, na mafundi wakaanza kushindana. Fender walitumia kebo. Buddy Emmons na Shot Jackson wakaanzisha Sho-Bud, lakini Emmons, mpigaji aliyevutia wengi kumfuata, hakuridhika. Mwaka 1963 aliondoka, akaungana na Ron Lashley wa North Carolina.

Walichokitoa ndicho kinachogombaniwa hadi leo. Katika gitaa lao, fimbo zinazopeleka nguvu ya pedali kwenye nyuzi huvutwa kupandisha sauti na husukumwa kuishusha. Mguu ukitulia, kidole cha chuma kinachobeba uzi huegemea mwili wa gitaa wenyewe, na wapenzi wake wanaamini mlio mnene, unaokawia kufa, unatoka hapo. Sikio linawaunga mkono: rekodi nyingi za stili za Nashville za miaka ya 1960 na 1970 zina mlio huo.

Gharama yake ni uvumilivu. Kubadili kazi ya pedali moja kunataka kulipindua gitaa zima, na ukirekebisha badiliko moja, jingine laweza kupotoka. Hilo lilivumilika pedali zilipokuwa chache. Kisha zikaja nyenzo za kusukumwa kwa magoti, moja baada ya nyingine, na kila moja ikadai fimbo zake. Muundo wa kuvuta tu ulijibu shida hiyo: fimbo zote huvutwa, na mpigaji hurekebisha kila badiliko kwa kuzungusha nati ndogo ya nailoni ubavuni mwa gitaa, hata katikati ya onyesho. Kwa anayepiga jukwaani kila wiki, faida hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mlio ambayo wasikilizaji wengi hawataigundua.

Kampuni ya Emmons yenyewe ilikuja kutengeneza Legrande, gitaa la kuvuta tu. Yale yake ya awali bado yanasakwa na kufufuliwa na mafundi wanaojua skrubu ipi ikazwe kwanza.